UZI: Akina Akasha, kutoka Nyali hadi New York. Kesi ya kigogo inaamuliwa akiwa bado anangoja

Nahodha Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikizuka kesi ya kigogo humu jamvini huwa tunagawanyika palepale: kundi la "atatoka tu huyo" na kundi la "safari hii amekwisha". Miezi inapita, kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, na siku hukumu inasomwa wengi wetu tumeshahamia uzi mwingine. Leo nimekuja na kesi moja iliyofika mwisho, ya akina Akasha, familia ya wauza unga wa Mombasa. Nimeichagua kwa sababu wahusika walikiri wenyewe mbele ya jaji, kwa hiyo hatuna haja ya "inasemekana" wala "kuna mtu wa ndani kanidokeza".

Hoja yangu naitanguliza, asije mtu akasema nimemzungusha. Kesi ya mtu mzito huamuliwa kipindi cha kungoja, baada ya pingu na kabla ya ushahidi. Niambie mshtakiwa anangojea wapi na anafanya nini huku anangoja, nami nitakukadiria mwisho wake.

Sasa twende. Mzee mwenyewe, Ibrahim Akasha Abdalla, alitamba Mombasa miaka ya 90 kwa hashishi, mandrax (vidonge vya kulevya) na unga. Mei 2000 akapigwa risasi barabarani Amsterdam akiwa anatembea na mkewe. Miaka miwili baadaye mwanawe Kamaldin naye akauawa kwa risasi, hapohapo Mombasa. Biashara ikashikwa na Baktash, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo. Mdogo wake Ibrahim, aliyebeba jina la baba, alikuwa bado mtoto, aliingia baadaye.

Mwaka 2014 wakajitokeza wanunuzi. Walijitambulisha kuwa wametumwa na genge la Colombia linalotafuta unga wa kupeleka Marekani. Kumbe ni watu wa DEA, kile kikosi cha Marekani cha dawa za kulevya, na vikao vilikuwa vinarekodiwa sauti na picha. Tajiri wa unga hamkabidhi mgeni mzigo siku ya kwanza. Kwanza vikao. Kisha simu. Oktoba ikatolewa kilo 1 ya sampuli, Nairobi. Mnunuzi akaridhika. Mwanzoni mwa Novemba zikaletwa kilo 98 zilizobaki, Nairobi hiyohiyo. Jumla kilo 99 za heroini, na juu yake kilo 2 za methamphetamini.

Tarehe 9 Novemba 2014 wakakamatwa wanne Mombasa: Baktash; Ibrahim; Vijaygiri Goswami, maarufu Vicky, Mhindi aliyewahi kukaa jela Dubai miaka mingi kwa kesi ya mandrax; na Gulam Hussein, Mpakistani ambaye hati ya mashtaka ilimtaja kuwa mkuu wa usafirishaji wa baharini.

Ushahidi ukaangalie vizuri: mzigo upo, sauti zipo, picha zipo, wanunuzi wenyewe ni mashahidi. Kesi nyepesi kabisa kwa macho ya mtu wa mtaani. Marekani ikaomba wapelekwe New York kujibu mashtaka. Mahakama ya Mombasa ikaanza kulisikiliza ombi hilo.

Likasikilizwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Nakunywa maji, narudi.

Chai ya Rangi

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu usije ukaingia mitini kama wale wa "nitarudi" halafu tunaonana mwakani.

Mchokonozi

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Unga huo haukuwa unaenda Marekani. Aliyesema unaenda Marekani ni mnunuzi, na mnunuzi ni wa serikali ya Marekani. Yaani wamejitengenezea mteja, mteja katamka "New York", basi mahakama ya New York imepata kesi. Mie nikija dukani kwako nikakwambia sukari hii naipeleka mwezini, unashtakiwa mwezini?

Wakili wa Kujitegemea

Mchokonozi, umecheka lakini umegusa penyewe. Sheria yao inasema hivi kwa kifupi: ukitengeneza au kusambaza dawa popote duniani ukiwa na nia, au ukijua, kwamba zitaingizwa Marekani, umetenda kosa kwao hata kama hujawahi kukanyaga uwanja wao wa ndege. Ndiyo maana wanunuzi bandia walihakikisha wanalitamka soko lao mapema, mbele ya kinasa sauti. Mshtakiwa akinyamaza na kuendelea kupanga bei, amekwisha. Si hila ya kesi hii peke yake, ndivyo wanavyofanya kote.

Ila tofautisha mambo mawili. Mnunuzi alikuwa wa bandia, kilo 99 zilikuwa za kweli. Mtu wa kawaida hata umtege vipi hawezi kukuletea kilo 98 za heroini ndani ya wiki chache.

Mchokonozi

Hapo sina la kujibu wakili msomi. Ngoja nitulie.

Nahodha Mstaafu

Nimerudi, nipisheni.

Hao wanne waliachiwa kwa dhamana. Ndugu wa Akasha wakarudi Nyali kwao. Kama hupajui Nyali: ng'ambo ya daraja kutoka kisiwani, nyumba kubwa, ufuo, hoteli. Anayengoja kesi Nyali halali sakafuni.

Na alikuwa anafanya nini huko? Majibu yapo kwenye maungamo yao ya Oktoba 2018. Moja ya mashtaka waliyokiri ni kuzuia haki kutendeka kwa kuwahonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe Marekani. Waendesha mashtaka wa New York walisema pesa ziligusa ngazi zote: mahakamani, kwa waendesha mashtaka, polisi. Kila tarehe iliyosogezwa mbele ilikuwa na gharama yake, na mtu alikuwa na uwezo wa kuilipia.

Jambo la pili linanishangaza kuliko la kwanza. Biashara haikusimama. Wakiwa nje kwa dhamana, mpango wa kufungua kiwanda cha methamphetamini Msumbiji uliendelea. Malighafi yake ni efedrini, dawa ya kawaida ya kifua na mafua, na ilitakiwa kutoka kiwanda cha Avon Lifesciences kilichopo Solapur, India. Aprili 2016 polisi wa India wakavamia kile kiwanda na kukuta efedrini ya karibu tani 18. Tani, wakuu. Mpango ukafia hapo. Walioukatisha ni polisi wa nchi nyingine, kwa upelelezi wao wenyewe. Dhamana ya Mombasa haikuwazuia hata kidogo.

Sasa mtu anapouliza "kwa nini Kenya haikuwahukumu", jibu la haraka ni rushwa, na rushwa ilikuwepo, wameikiri. Lakini rushwa inahitaji muda wa kufanyia kazi. Ukimwekea mtu mwenye pesa kesi isiyo na mwisho, umempa duka na wateja.

Kijana wa Tudor

Waama Nahodha, wayasema maneno. Mie ni wa hapa hapa Mombasa. Siku za kesi yao ungezijua tu kwa magari, na waandishi walojaa nje na makamera. Halafu dakika chache, watu hao wanatoka. Imesongezwa. Mara wakili hayupo, mara karatasi fulani haijaletwa, mara kuna ombi jipya lazima liamuliwe kwanza. Mwisho hata waandishi walichoka, wakawa wanakuja wawili watatu.

Mwanzo huja mtaa mzima. Mwisho huja mshtakiwa na wakili wake.

Mama Wawili

Naomba nami nichangie ingawa sijui sheria. Mnaongea kilo 99 kama mnaongea mchele. Mdogo wangu wa kiume alitumia unga miaka mingi, maskani yao ilikuwa nyuma ya soko, siutaji mtaa. Alipona kwa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga. Hapa Dar Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, na wakati huo hakukuwa na nchi nyingine ya Bara kusini mwa Sahara yenye huduma kama ile.

Nilikuwa nampeleka mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu dozi ni kila siku na hawakupi ukaondoka nayo. Foleni dirishani. Nesi anaangalia jina, anamimina kwenye kikombe kidogo cha plastiki, mgonjwa anakunywa palepale, halafu lazima azungumze au anywe maji ili waone kameza kweli, maana wengine walikuwa wanaificha mdomoni wakauze nje. Mdogo wangu alikuwa anasema "shikamoo dada" kila asubuhi ili nesi aone mdomo mtupu. Hiyo ndiyo salamu yake ya siku.

Sasa nikisoma kwamba waliouleta walikuwa nyumbani kwao wanangoja tarehe, naelewa maneno lakini siyaelewi.

Nahodha Mstaafu

Dada yangu, pole, na asante kwa kutuletea hili. Salamu zimfikie mdogo wako.

Chai ya Rangi

Mama Wawili umenifunga mdomo. Nilikuwa nimekuja kutania.

Jirani wa Kisauni

Nina swali kwa mwanzisha uzi. Majina ya waliohongwa mbona huyaweki? Magazeti ya Nairobi yaliyataja. Au unaogopa?

Nahodha Mstaafu

Siogopi, nachagua. Waliokiri na kuhukumiwa nawataja kwa majina kwa sababu mahakama imeshamaliza nao. Waliotajwa na mtu anayetafuta kupunguziwa kifungo, na ambao hawajatiwa hatiani, siwaandiki. Wewe mwenyewe ukitajwa na mfungwa kesho utataka wasubiri ushahidi. Tuendelee.

Mwishoni mwa Januari 2017, kesi ya kupelekwa Marekani ikiwa bado iko mahakamani Mombasa, hao wanne wakachukuliwa, wakapandishwa ndege, wakatua New York. Serikali ya Kenya ilisema imewafukuza nchini. Mawakili wao wakapiga kelele kwamba amri za mahakama zimepuuzwa. Mitaani watu wengi walishangilia. Mie nilishangilia pia siku ile, lakini nilipokaa chini nikaona kuna tatizo: huwezi kumfukuza raia wako nchini mwake. Baktash na Ibrahim ni Wakenya.

Wakili, hebu tusaidie hapa. Mahakama ya New York haikuuliza "mmefikaje"?

Wakili wa Kujitegemea

Haiulizi. Msimamo wao ni wa zamani sana, tangu kesi ya Ker ya mwaka 1886: namna mshtakiwa alivyoletwa haiinyang'anyi mahakama mamlaka ya kumsikiliza. Mwaka 1992 wakaurudia kwa daktari wa Mexico aitwaye Alvarez-Machain, aliyetekwa ofisini kwake na kuvushwa mpaka. Mahakama yao ya Juu ikasema mkataba uliopo haukatazi utekaji, kesi iendelee. Cha ajabu, kesi ilipoendelea daktari yule akaachiwa kwa kukosa ushahidi.

Na mkataba wa kubadilishana wahalifu kati ya Kenya na Marekani upo, ni ule wa Uingereza wa 1931 ambao Kenya iliurithi baada ya uhuru. Njia halali ilikuwepo, wakili akishindwa kuna rufaa, na mwisho mtu anapelekwa. Kenya ilichoshindwa ni kuimaliza hiyo njia, ikaamua kuiruka. Kama mwanasheria hilo linanikera kuliko hongo. Hongo ni ya watu. Kuruka mahakama ni kwa serikali yenyewe.

Mchokonozi

Sasa mnaona? Halafu mkiambiwa mahakama zetu zimewekwa mfukoni na mabeberu mnanuna. Safari hii wamechukuliwa wauza unga tukapiga makofi. Siku wakimchukua mwandishi?

Kijana wa Tudor

Mchokonozi hilo ni la haki. Lakini nikupe upande wa pili, kesi ilobakia kwetu mpaka mwisho. Feisal Mohamed Ali, ya pembe za ndovu. Juni 2014 polisi walivamia yadi ya magari hapa Tudor, wakakuta pembe za zaidi ya tani 2. Feisal akatoroka, Interpol wakamweka kwenye orodha ya wanaotafutwa, na Disemba 2014 akashikwa kwenu, Dar es Salaam. Akaletwa Mombasa. Julai 2016 mahakama ya Shanzu ikamfunga miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Dunia nzima ikatusifu.

Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Jaji aliona ushahidi una mapengo na taratibu zilikosewa. Na kumbuka, katika kesi ile kulikuwa na magari tisa, vielelezo vya mahakama, ambayo yalipotea kesi ikiendelea. Magari tisa! Simu utasema imeanguka mfukoni.

Sisemi Feisal alitenda au hakutenda, jaji kasema hana hatia, basi hana hatia. Nasema kielelezo kikikaa muda mrefu hapa petu huota miguu.

Chai ya Rangi

"Huota miguu." Naondoka na hiyo 😂

Nahodha Mstaafu

Kijana, umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Kesi mbili, mji mmoja, mwaka mmoja wa kukamata, na zote mbili ziliharibikia kwenye kungoja. Moja kwa hongo, nyingine vielelezo vilipotea na taratibu zikakosewa.

Mpiga Debe Msomi

Wakuu mnaisema Kenya sana kama vile sisi huku tumenyooka. Huku kwetu kungoja kupo pia, ila kumegeuzwa kichwa chini. Kenya mshtakiwa anangoja nyumbani na kuitumia ile nafasi. Tanzania mshtakiwa anangoja gereza la Keko au Segerea, na anayeitumia nafasi ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Kesi ya utakatishaji fedha haina dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilipingwa, Mahakama Kuu ikakubaliana na waliopinga, kisha Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikasema kifungu ni halali. Kwa hiyo mwendesha mashtaka akichomeka shtaka moja tu la utakatishaji, umelala ndani. Na ukifika mahakama ya Kisutu kila baada ya siku 14 unasikia wimbo uleule: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika."

Chukua Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira, wale wa kashfa ya pesa za akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Walifikishwa mahakamani Juni 2017. Sethi akatoka Juni 2021 kwa makubaliano na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), akakubali kulipa shilingi bilioni 26.9. Rugemalira akatoka Septemba mwaka huohuo baada ya DPP kuifuta kesi dhidi yake. Miaka minne rumande, na hakuna siku hata moja shahidi alipanda kizimbani kutuambia zile pesa zilipitaje. Sasa nani alishinda? Mie sijui, na nyie hamjui, kwa sababu hakuna ushahidi uliosikilizwa.

Wakili wa Kujitegemea

Nakazia hapo. Mazungumzo ya makubaliano yaliingizwa rasmi kwenye sheria yetu mwaka 2019. Kabla hata hayajazoeleka, Septemba mwaka huo Rais Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku chache waombe radhi na kurejesha fedha, wakaandika barua kwa mamia. Makubaliano si kitu kibaya, hata akina Akasha walimalizana kwa kukiri, hakukuwa na kesi ya kusikilizwa mbele ya wazee wa baraza wao. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka mitatu bila kujua kesi itaanza lini, akisema "nakubali", amekubali kosa au amekubali kwenda nyumbani?

Jirani wa Kisauni

Ila Tanzania pia mmewahi kumaliza moja vizuri. Yule mama wa Kichina wa pembe.

Mpiga Debe Msomi

Kweli, Yang Feng Glan. Huyo mama alikuja nchini miaka ya 70 kama mkalimani wa Kiswahili wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, akarudi baadaye kufanya biashara, akawa na mgahawa Dar. Mahakamani alifikishwa Oktoba 2015. Februari 2019 Kisutu ikamfunga miaka 15 pamoja na Watanzania wawili, kwa pembe 860 zenye thamani ya shilingi bilioni 13. Mashahidi walisikilizwa, hukumu ikasomwa, rufaa ni haki yao. Lakini ona hiyo miaka: Oktoba 2015 hadi Februari 2019. Zaidi ya miaka mitatu, na hiyo ndiyo tunayoiita nzuri.

Wakili wa Kujitegemea

Na hapa nataka nimbane mwanzisha uzi kidogo, asije akatoka na hoja yake bila mkwaruzo. Watu wanasema New York ni chap chap. Hesabuni. Akina Akasha walifika Januari 2017. Wakakiri Oktoba 2018. Baktash akahukumiwa Agosti 2019, Ibrahim Januari 2020. Baktash peke yake ni zaidi ya miaka miwili na nusu, yaani New York ilichukua muda mrefu kuliko Mombasa! Sasa Nahodha, kungoja kupi unakosema ndiko kunakoua kesi?

Nahodha Mstaafu

Wakili, umenibana nikabanika, na nashukuru, maana hapo ndipo hoja inaponyooka. Sikusema urefu. Nilisema anangojea wapi na anafanya nini. New York walingojea mahabusu. Hakuna simu ya kupanga tani 18, hakuna mtu wa kumtuma na bahasha. Na kila mwezi uliopita kulikuwa na kazi inafanyika upande wa pili: Goswami aliwageuka. Mtu waliyefanya naye biashara akaamua kushirikiana na waendesha mashtaka, akawaeleza nani alilipwa, nani aliuawa, mzigo gani ulipita wapi. Huko muda ulimla mshtakiwa. Mombasa ulimla shahidi na kielelezo. Kisutu unamla yeyote aliye ndani, mwenye hatia na asiye nayo.

Matokeo yenyewe sasa, kwa waliokuwa wanayangoja. Jaji Victor Marrero alimpa Baktash miaka 25 na faini ya dola 100,000. Ibrahim akapata miaka 23. Mashtaka waliyokiri ni pamoja na kula njama ya kuingiza heroini na methamphetamini, kula njama ya kutumia bunduki za rashasha na vilipuzi katika biashara hiyo, na lile la kuhonga maofisa wa Kenya. Aliyekuwa juu yao kwenye mnyororo, Muhammad Asif Hafeez, Mpakistani wanayemwita Sultani, alikamatwa London Agosti 2017. Naye alipambana na ombi la kupelekwa Marekani, mahakama baada ya mahakama, hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alipelekwa 2023. Karibu miaka sita! Na hakuna aliyeiita Uingereza nchi ya hongo. Tofauti ni kwamba muda wote huo alikuwa gerezani, na kila hatua ilikuwa na uamuzi ulioandikwa ukasomeka.

Mchokonozi

Kwa hiyo dawa yako ni kuwanyima watu dhamana? Maana hapo umemsifia Segerea kwa mlango wa nyuma.

Nahodha Mstaafu

Hapana. Dhamana ni haki, na mimi nikishtakiwa nitaitaka. Lakini dhamana ya mtu aliyeleta kilo 99 na bado anapanga kiwanda nchi nyingine ilitakiwa kuwa na masharti yanayouma, na mtu wa kuyafuatilia. Na asiyepewa dhamana apewe tarehe ya mwisho: upelelezi usipokamilika siku kadhaa, mtoe nje, mkusanye ushahidi akiwa kwake. Kamata ukiwa tayari. DEA walirekodi miezi kadhaa ndipo mtu akavishwa pingu. Sisi tunavisha pingu kwanza, kisha ndipo tunaanza kutafuta kalamu.

Mpiga Debe Msomi

Hiyo "kamata ukiwa tayari" ibandikwe mlangoni kwa DPP. Wa nchi zote mbili.

Kijana wa Tudor

Ibandikwe na kwa polisi wetu hapa pia. Lakini Nahodha, wajua watu wa pwani twaitazama bahari kwanza. Hao wanne walishikwa nchi kavu. Unga wenyewe wapita huku majini, kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, Pakistan na Iran, washuka mpaka kwetu na Zanzibar na Msumbiji. Aprili 2014, miezi kabla ya akina Akasha kushikwa, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilokuwa kwenye muungano wa manowari za nchi nyingi, ilisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa, kama maili 27 za baharini. Ndani walitoa kilo 1,032 za heroini.

Mama Wawili

Kilo elfu moja na zaidi? Mara kumi ya zile za akina Akasha. Na wao walihukumiwa wapi, hao wa jahazi, miaka mingapi?

Kijana wa Tudor

Dada, manowari za ule muungano hazina mamlaka ya kushtaki mtu kwa unga ulokamatwa bahari kuu. Utaratibu wao ni kuuteketeza mzigo, kuandika taarifa, na kuwaacha mabaharia waendelee na safari yao kwa jahazi lao.